Mtungi Uliolishwa

Ukitaka kumuudhi Gregory, fundi wa kuchomelea vyuma pale Bugarama, hukuwa na haja ya kumtukana mama yake. Ulimwambia tu kwamba kiungo chake kinavuja. Mengine aliyavumilia. Wapo waliomwita mlevi mstaafu mbele ya mkewe, naye akacheka pamoja nao. Wapo waliomrudishia geti kwa sababu limekaa upande, akalirekebisha bila neno. Lakini kuvuja, hapana. Hapo alivua glovu, akazitupa chini, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Alikuwa na haki yake. Kazi iliyompa jina ilikuwa mitungi ya kuchomea zebaki. Wachimbaji wa kule huikamata dhahabu ya vumbi kwa zebaki, wakapata donge la rangi ya fedha, kisha hulichoma donge hilo ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengi huchoma wazi tu, kwenye sahani ya bati juu ya mkaa, moshi unawapita puani na wao wanapiga soga. Mtungi wa Gregory ulifungwa kila upande, ukaachiwa bomba moja linaloshuka kwenye ndoo ya maji. Zebaki ilipaa, ikaingia bombani, ikapoa, ikadondoka majini, na mtu akaitumia tena. Mtungi wa namna hiyo ukivuja ni hatari kuliko sahani ya bati, maana mwenye nao ameshajiamini, kaukalia karibu.

Wachimbaji hawakuipenda mitungi hiyo. Waliinunua kwa sababu wakaguzi waliwasumbua, na hata walipoinunua walikuwa na neno lao: chuma kipya kinakula dhahabu. Unaingiza donge zima, unatoa pungufu, na aliyekula ni mtungi. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuchomea kwenye mtungi mpya. Ilibidi ulishwe kwanza. Mtu alichukua kidonge kidogo, akakipaka ndani kwenye kitako, akawasha moto, na ile dhahabu ikabaki imeng'ang'ania chumani moja kwa moja. Baada ya hapo mtungi ulihesabiwa kuwa umeshiba, na hautadokoa cha mtu. Gregory aliona ni upuuzi mtupu. Lakini wateja ndio waliokuwa na upuuzi huo, na yeye alitaka kuwauzia, kwa hiyo alilisha kila mtungi kabla haujatoka, na kama ungemuuliza, angekuapia kwamba ni jambo la lazima.

Hakuanza kazi hiyo kwa huruma, alianza kwa woga. Mwaka ule gongo lilipomlaza hospitali ya Kolandoto, macho ya manjano na miguu imevimba, kitanda cha jirani alilala mzee mmoja mchoma dhahabu ambaye mikono ilimtetemeka hata hakuweza kufikisha kijiko cha uji mdomoni. Muuguzi ndiye aliyemnywesha. Mzee yule hakuwahi kuinywa zebaki, aliivuta tu kwa pua. Gregory alilala pale akimtazama kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, na alipotoka alikuwa ameapa kukaa mbali na vitu viwili: gongo na moshi ule.

Mkewe, Paskazia, alikuwa ameshaondoka wakati huo. Alikwenda kwao Mbogwe na mtoto wao, Davis, na hakuna aliyemlaumu. Ilichukua muda mrefu mpaka akubali kurudi, na aliporudi alirudi peke yake, na masharti. Gregory asinywe gongo. Asikae linakouzwa. Asilibebe, asilitunzie mtu, asilifungulie hata mlango likitaka kuingia lenyewe. Davis angebaki kwanza kwa bibi yake. “Muhula ukiisha na wewe bado uko hivi ulivyo,” Paskazia alisema, “nitamfuata mwenyewe.” Gregory alimkumbuka mwanawe kiasi kwamba alikuwa ameshachomelea kitanda chake, kitanda cha chuma cha kijani, kikawekwa chumbani kinangoja. Ndicho kitu alichokitaka duniani, kuona kitanda kile kina mtu.

Sasa hapo ndipo alipotokea Mama Nyamizi.

Mama Nyamizi alikuwa mpikaji wa gongo, na nitasema lililo kweli, alikuwa mpikaji mzuri. Hakuchanganya vitu vya ajabu, na wateja wake walitoka wamelewa lakini walitoka wazima. Tatizo lake lilikuwa mtambo. Alipikia kwenye pipa la mafuta la zamani, bomba la kuokota, na viungo vyote vimezibwa kwa unga wa muhogo uliokandwa. Siku moja unga uliachia, mvuke ukamchoma mkono wa kulia kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Alikuja karakana kwa Gregory mkono ukiwa umeshapona lakini ngozi imejikunja, na nyuma yake guta la magurudumu matatu limebeba kitu kimefunikwa kwa gunia.

“Shikamoo, Mama Nyamizi,” alisema Gregory, akiwa ameshaanza kuogopa.

“Marahaba, fundi. Nimekuletea kazi.”

Akafunua gunia. Ulikuwa mtungi wa bia wa chuma, ule wanaouita kegi, wa stenlesi tupu, tumbo limejaa na mabega mapana. Aliupata kwa wauza vyuma chakavu wa Kahama.

“Nataka mtambo,” alisema Mama Nyamizi. “Mtambo wa chuma usiovuja. Mfuniko wa kufunga kwa nati, bomba la kuzunguka ndani ya pipa la maji. Wewe ndiye unajua mambo ya mvuke na bomba.”

“Yaya, mama. Hapana. Mimi hayo niliacha.”

“Uliacha kunywa. Nimekwambia unywe?”

“Mke wangu hatakubali.”

“Sijaja kuposa,” alisema Mama Nyamizi. Hakubembeleza zaidi. Alimwambia mwenye guta aushushe ule mtungi. “Acha ukae hapa kwako. Nikipata fundi mwingine nitaufuata.”

Alikuwa mwanamke mjanja. Fundi mwingine hakuwepo, na yeye alilijua hilo. Alijua pia kwamba fundi ukimwekea chuma kizuri mbele ya macho, humwachi salama. Siku ya kwanza Gregory aliupita mtungi ule bila kuutazama. Siku ya pili aliupiga kwa kidole akasikia unavyoitika. Baadaye alijikuta amechuchumaa mbele yake, anapitisha kiganja kwenye mshono wa kiwandani, mshono mwembamba ambao yeye katika maisha yake yote ya kuunga vibati na mabomba ya maji hakuwahi kuupata. Alitaka kujua kama anaweza. Ni hilo tu. Wengine huangushwa na wanawake au kamari, Gregory alikuwa anaangushwa na mshono.

Akajitafutia maneno. Kutengeneza si kunywa. Chuma ni chuma. Mama wa watu ameungua mkono, na mtambo usiovuja utamwokoa yeye na majirani zake. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja alilomwambia Paskazia. Paskazia alipokuja jioni kutoka mwaloni, kule wanakosagia na kuosha mawe ya dhahabu, ambako aliuza chakula, akaukuta mtungi umelala juu ya meza ya kazi, aliuliza ni wa nini. Gregory akajibu bila hata kuinua kinyago cha kuchomelea:

“Mtungi wa zebaki. Wa tajiri mmoja mwenye mialo.”

“Mbona mkubwa hivi?”

“Tajiri, Mama Davis. Anachoma mengi.”

Paskazia akaupapasa ule mtungi, akatabasamu. Alipenda mitungi ya zebaki. Kila mmoja uliotoka pale ulikuwa kwake ushahidi kwamba alifanya vyema kurudi.

Gregory aliufanya mtambo ule vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Alikata shingo ya kegi, akaiwekea mdomo mpana wa bamba na mfuniko wa kufunga kwa nati. Alipata bomba la stenlesi kutoka kwa mtu wa maziwa, akalijaza mchanga mkavu ili lisipondeke, akalikunja polepole kuzunguka gogo mpaka likapata mizunguko iliyolingana. Viungo alivichomelea mara ya kwanza, hakuvipenda, akavikata, akavirudia. Alipojaza maji, viungoni halikudondoka hata tone. Alisimama akautazama, na kwa aibu yake mwenyewe alijisikia furaha kubwa, furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu alipotoka hospitali. Kilichobaki kilikuwa mpira wa kuzibia mfuniko, ule unaostahimili moto. Bugarama haukuwepo, akaenda kuutafuta Kahama.

Aliporudi akaukuta mtambo umeoshwa unang'aa. Bomba limefutwa, mfuniko umesuguliwa kwa majivu, na umeinamishwa juu ya matofali ili ukauke.

“Umeuosha wewe?” alimuuliza Paskazia.

“Nani mwingine?” alisema Paskazia, akacheka kwa namna ya mtu aliyebana jambo zuri mdomoni. “Kitu cha tajiri kitoke na vumbi?”

Roho ilimsuta Gregory. Mwanamke wa watu anasugua mtambo wa gongo kwa mikono yake, akidhani anamsaidia mume aliyeacha gongo. Alitaka kumwambia pale pale. Lakini alifikiri muhula unakaribia kuisha, na kwamba kesho chuma kile kitakuwa kimeondoka, na kisichokuwepo hakiulizwi. Kesho yake akaufunika kwa turubai, akaupakia kwenye guta, akaupeleka mwenyewe nyuma ya mlima wa mawe machafu yaliyotupwa na wachimbaji, ambako Mama Nyamizi alikuwa anapikia. Aliufunga, akamwonyesha jinsi ya kukaza nati, akakataa kukaa.

“Pombe yangu itakuwa tayari keshokutwa mchana,” alisema Mama Nyamizi. “Hakuna atakayeonja kabla yako, fundi. Mtambo mpya unaonjwa kwanza na aliyeufunga. Ndivyo tulivyozoea, ili watu wanywe wametulia, wajue hakuna baya.”

“Mimi sinywi, mama.”

“Utalowanisha midomo tu. Nitakungoja.”

“Usiningoje,” alisema Gregory, akaondoka upesi.

Keshokutwa hiyo mchana alikaa kwenye benchi la Paskazia mwaloni, sahani ya wali na sato mbele yake, karasha za kusagia mawe zinanguruma pande zote hata watu wanaongea kwa kupaza sauti. Paskazia alimaliza kuwahudumia wateja, akaja akaketi mbele yake na kitambaa cha kufutia begani. Alikuwa na uso wa sikukuu.

“Tajiri wako anasemaje? Ameufurahia mtungi?”

“Ameufurahia.”

“Hajalalamika kwamba umemlia dhahabu?”

“Hajalalamika.”

“Atalalamikaje,” alisema Paskazia, na sasa lile jambo alilolibana likamtoka. “Si niliulisha mimi mwenyewe!”

Gregory akashusha tonge.

“Uliulisha nini?”

“Ulivyokwenda Kahama. Nilijua umebanwa na mpira, utasahau kuulisha, tajiri aje akuseme. Nikamwita Amosi, yule mchimbaji anayekula kwangu kwa mkopo. Nikamwambia deni nimelifuta, niletee donge. Akaleta, akalipaka kitakoni, mfuniko tukauziba kwa udongo, tukachoma pale pale uani. Akasema, ‘Mama Davis, mbona bomba limejikunja sana, zebaki yangu hairudi yote?’ Nikamwambia nyamaza, mume wangu anajua anachofanya.” Akacheka. “Nilitaka iwe siri mpaka yule mtu asifie.”

Gregory alimsikia vizuri, licha ya kelele za karasha zote zile. Bomba la mtungi wa zebaki hunyooka ili kila kitu kiteremke. Lile la Mama Nyamizi lilikuwa na mizunguko, yeye mwenyewe aliikunja ikalingana, na zebaki isiyorudi ilikuwa imelala humo. Akaona mvuke wa gongo unapita, unaoga zebaki, unadondoka kwenye kikombe. Akauona mkono wa yule mzee wa Kolandoto na kijiko kisichofika.

Akatazama jua. Saa aliyoisema Mama Nyamizi ilikuwa imefika.

Aliinuka, benchi likaanguka, akakimbia. Paskazia alimwita jina lake la nyumbani, kisha akamwita Gregory, naye hakugeuka.

Njiani aliwaza, na niseme kwa niaba yake kwamba hakuwaza mambo mazuri. Aliwaza kwamba angeweza kufika, akamvuta Mama Nyamizi kando, yakaisha kimya kimya bila Paskazia kujua. Aliwaza pia kwamba angeweza kuchelewa kidogo. Watu wale walishika zebaki kwa mikono kila siku, na kama mmoja angeumwa baadaye, nani angejua imetoka wapi? Wazo hilo lilimpita na akalichukia, lakini lilimpita. Alizidi kukimbia ili liachwe nyuma.

Alipotokea nyuma ya mlima wa mawe alipokewa kwa vigelegele. Walikuwa wamekaa kwenye magogo na ndoo zilizopinduliwa, wachimbaji waliotoka zamu, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi. Katikati mtambo wake ulikuwa motoni, unang'aa, umekaa kwa adabu. Hauvuji popote. Bomba lilikuwa linadondosha ndani ya dumu, na vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya ubao, vimejazwa, havijaguswa.

“Mmekunywa?” aliuliza akihema. “Nani amekunywa?”

“Tunywe na wewe hujaonja?” alisema Mama Nyamizi, amefurahi. “Nimewazuia hawa mbwa mwitu tangu asubuhi. Nilijua utakuja. Shika.”

Akamtia kikombe mkononi.

Harufu ilimwingia kabla hajajiandaa. Ilikuwa safi, kali, haina moshi wala kutu, gongo ambalo katika ulevi wake wote hakulipata, na lilikuwa limetoka kwenye mikono yake. Mate yakamjaa. Kwa muda mfupi, na alimkiria Mungu baadaye kwamba ulikuwepo, hakuiona zebaki wala mzee wala kitanda cha kijani, aliona kikombe tu. Kisha akakimwaga chini.



“Msinywe,” alisema. “Kuna zebaki ndani ya bomba.”

Walitazamana. Halafu mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote. Mwingine akainua viganja vyake juu. “Zebaki? Fundi, mimi asubuhi hii nimeikamua kwa kitambaa, nikafuta mkono hapa kwenye suruali. Nimekufa?”

“Kuishika siyo kuinywa.”

“Ametumwa na mkewe,” mtu akasema. “Mama Davis amemtia kamba.”

“Au kazi yake mbovu, anaogopa itajulikana.”

Hiyo ya mwisho ilimuuma Gregory hata pale, hata katika hali ile. Akamgeukia Mama Nyamizi. “Mama, nakuomba. Mwaga.”

Mama Nyamizi aliangalia dumu, akaangalia mkono wake uliojikunja. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwamini, hilo lilionekana wazi, na kumwamini kulimgharimu mpiko mzima. “Mizigo ya sukari yote imo humo,” alisema polepole. “Ungekuja kuniambia jana.”

“Nimejua sasa hivi.”

Akiwa bado anasita, mkono mmoja ukanyooka kwenye ubao kuchukua kikombe. Ulikuwa mkono wa Amosi, aliyekaa kwenye ndoo mbele kabisa. Amosi huyo huyo.

“Amosi,” Gregory alimwita. “Mtungi huu unaujua?”

“Naujua gete, kabisa,” alisema Amosi. “Nilipoingia nikauona, nikasema kumbe wamempa kazi nyingine. Si niliuchomea pale kwako?”

“Sasa unakunywaje?”

“Kwani mtungi si ulishaoshwa?”

Gregory alimtazama, akawatazama na wenzake, nyuso nzuri za watu wasioogopa kitu. Akaelewa kwamba angeweza kusimulia habari za yule mzee wa Kolandoto mpaka jua lizame na vikombe vingeendelea kupanda. Sumu hawakuiogopa, walikuwa wanaishi nayo. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo watu hawa hawakuwahi kulisikia wakabaki wamekaa. Alilijua, na alijua litafanya nini kwa ile kazi nzuri kuliko zote za maisha yake.

“Amosi,” alisema, akapaza sauti. “Uliupaka dhahabu kiasi gani?”

Kikombe cha Amosi kikasimama hewani. Alikuwa mtu anayependa heshima, na watu wote walikuwa wamemgeukia.

“Siyo haba,” alisema.

“Imo humo ndani?” aliuliza mmoja.

“Itatoka wapi? Mtungi ukila haurudishi.”

“Kiasi gani, fundi?” wakamuuliza Gregory.

“Sijui,” alisema Gregory, na lilikuwa kweli kabisa, na hakuna uongo ambao ungefanya kazi kama kweli ile.

Wa kwanza kuinuka aliupiga mtambo teke, ukaanguka kutoka mafigani, pombe ikamwagika motoni ikalipuka bluu, wakaruka nyuma, wakarudi. Walikuja na nyundo, walikuja na tindo na sururu, kila mtu na kilichomlisha. Ubao ukapinduka na vikombe vyake, vikakanyagwa. Viungo vya Gregory havikuachia. Ilibidi wakipasue chuma chenyewe kando ya mshono, na mshono ukabaki umesimama. Yeye aliona hilo, akajivuna, akajionea haya kwa kujivuna. Bomba lilikatwa vipande, kila mtu akakimbia na chake akikipuliza na kukichungulia kwenye jua, na kwenye mavumbi yakaviringika matone madogo ya fedha ambayo hakuna aliyejali kuyatazama isipokuwa Mama Nyamizi.

Aliinama akaliangalia tone moja likikimbia kwenye udongo. Kisha akalichukua dumu lililokuwa limeshajaa nusu, akalipindua, akangoja mpaka likaisha.

“Umeniokoa na kesi ya watu,” alimwambia Gregory. “Na umeniua njaa. Sijui nikushike mkono au nikupige na gogo.”

“Nitakutafutia namna, mama.”

“Namna gani? Utanitengenezea mwingine?”

Lakini Gregory alikuwa ameshamwona Paskazia.

Alikuwa amefuata mbio mguu kwa mguu, kitambaa kipo begani. Baadaye alisema alidhani Davis amepatwa na jambo kule Mbogwe na Gregory ameletewa taarifa kwanza, maana mtu haachi sahani akakimbia hivi hivi. Sasa alisimama akaona mafiga, dumu, vikombe vya kunywea vimetapakaa. Aliona wanaume wanagombania vipande vya chuma alichokisugua kwa majivu. Harufu ilikuwa imejaa pale pote, hakuna wa kumweleza ni ya nini.

Akaja mpaka mbele ya mumewe. Walikuwa karibu hata vidole vya miguu yao vikagusana.

“Pumua,” alisema.

Gregory akapumua. Paskazia akamnusa mdomo, mbele ya watu, kama anavyonuswa mtoto aliyekula udongo. Akanusa tena.

“Huna harufu.”

“Sijanywa, Mama Davis. Nakuapia. Walinipa nikamwaga.”

“Najua. Nimenusa.” Alisema kwa sauti ya chini, na cha kushangaza hakuonekana kufurahi. “Zamani ulikuwa ukinidanganya kila siku. Uko kazini, kumbe uko huku. Fedha imeibwa, kumbe umeinywa. Baba alipokataa nisirudi kwako, nilibishana naye, mimi ambaye sijawahi kubishana na baba. Nikamwambia, baba, Gregory hajui uongo, ni gongo lile linalosema kwa mdomo wake. Likitoka, utaona. Nikarudi kwa neno hilo.”

“Mama Davis…”

“Mtungi wa zebaki, ulisema. Wa tajiri. Ulikuwa umevaa kinyago, hukunitazama hata usoni. Nami nikaulisha.” Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kile kitambaa cha kufutia sahani. “Sasa leo gongo halimo. Aliyenidanganya ni nani?”

Gregory alitazama pembeni akitafuta mtu. Mama Nyamizi alikuwa anakusanya vikombe vyake. Moto ulikuwa unazimika. Alizoea kuwa na kitu cha kukisingizia, na hapo hakukiona.

“Ni mimi,” akasema.

Paskazia akaitikia kwa kichwa, taratibu.

“Haya. Nyumbani nitakuwepo, nina sufuria za watu. Lakini Davis atabaki kwa bibi yake.”

Akajifunga kanga upya, akashika njia ya mwaloni. Nyuma ya Gregory mtu akapiga ukelele kwamba ameona kitu kinang'aa kitakoni mwa mtungi, wote wakamkimbilia wakisukumana, na hakuna aliyemwona fundi akilia.